Geti la Wifi Enid

Kinyozi hajinyoi. Wifi yangu Enid Thirtle, aliyezifungulia treni geti tangu alipoolewa na kaka yangu, hakuwahi kupanda treni hata mara moja.

Nyumba yake ilikuwa imebanana na kivuko cha reli, pale barabara ya Ashmere inapokatana na njia ya treni ya kwenda Wexby, baharini. Kila treni iliyopita ilitikisa vikombe kabatini mwake. Kengele ikilia ukutani, alitoka nje akavuta mageti meupe yazibe barabara, treni ipite, kisha akayarudisha yazibe reli, magari na ng'ombe wapate zamu yao. Nyumba alipewa bure kwa ajili ya kazi hiyo, na mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Treni zikitembea, Enid yuko kazini. Siku yake ya uhuru ilikuwa Jumapili, na Jumapili treni zetu zilipumzika kama Wakristo wengine.

Mtu atauliza, kwani hakuna wa kumshikia? Alikuwepo. Kaka yangu Wilf, mumewe, fundi wa reli, aliachiwa geti asubuhi moja Enid alipokwenda kung'olewa jino. Wilf akaketi na gazeti lake kusoma habari za mpira. Treni ya maziwa ikapita na geti zima. Enid aliporudi na shavu lake lililovimba, alikuta mbao nyeupe zimetapakaa mpaka kwenye kabichi za kasisi, na tangu siku hiyo hakumwamini binadamu yeyote.

"Hakuna treni iliyowahi kunisubiri mimi," alikuwa akijisifu, na ilikuwa kweli tupu.

Sisi wengine baharini tulikwenda kila kiangazi. Watoto wa Ashmere walimpungia vindoo vyao madirishani, na jioni wakirudi walimtupia makombe ya baharini, naye akayapanga dirishani mwa jiko lake. Nilimwambia mara nyingi apande basi la Jumapili.

"Nitakwenda kwa treni yangu," alinijibu, "au siendi."

Kichwa kigumu kama kisiki! Lakini nilimpenda, na ile safu ya makombe ilikuwa ikiniuma moyoni kila nikienda kunywa chai kwake.

Kisha mabwana wa London wakaamua kwamba reli yetu haileti faida. Reli iliyochimbwa na babu zetu kwa sururu, iliyosomba viazisukari na maziwa, iliyowapeleka vijana wetu vitani na, namshukuru Mungu, ikawarudisha wengi wao. Hao mabwana hawajawahi hata kuionja jamu yetu ya plamu, basi wangejua faida gani? Treni ya mwisho ikapangwa Jumamosi moja ya Septemba: kwenda Wexby mchana na kurudi jioni, halafu ndiyo basi tena.

Nikamwendea Enid jikoni.

"Wifi, Jumamosi unapanda treni. Wilf atakaa getini."

"Wilf?" Alicheka mpaka akashika meza. "Si afadhali nimwachie paka!"

"Nipo hapa hapa nakusikia," alisema Wilf nyuma ya gazeti.

"Nataka usikie!"

"Basi nitakaa mimi," nikasema.

"Wewe Hilda mdomo unao, mikono huna. Treni itakukuta unapiga soga."

"Enid, hii ndiyo ya mwisho. Ukiikosa hii, umeikosa."

Akaacha kucheka, akayatazama makombe yake. "Najua, wifi. Usinikumbushe."

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Jumamosi ilipofika, stesheni ya Ashmere ilijaa kama siku ya mnada wa ng'ombe. Dereva, Percy Larter, alikuwa amekivisha kichwa cha treni shada la maua ya bustani yake. Wilf na wenzake walitega kwenye reli zile baruti ndogo za kumwonya dereva wakati wa ukungu, na treni ilipoondoka zikapasuka chini ya magurudumu, tukapiga vigelegele. Watu wakaimba, mikate ya nyama ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mimi nilikaa karibu na kaka yangu bila hamu ya kitu, maana baada ya dakika chache tungepita kwa Enid, naye angesimama pale na bendera yake ya kijani. Sikujua nitamtazama kwa jicho gani.

Ghafla breki zikalia. Chai ikamwagika. Bwana Cubitt, gadi wa treni yetu, mtu wa filimbi na kanuni, akatoa kichwa dirishani.

"Geti limefungwa!" akasema. "Limeziba reli!"

Kweli, lile duara jekundu lililopakwa katikati ya geti kuzuia treni lilikuwa limetukodolea macho. Wilf akageuka mweupe kama chaki.

"Amekufa," akasema. "Enid wangu akiwa hai, geti lile haliwezi kufungwa."

Tukaruka chini, tukakimbia. Hakuwa amekufa. Alisimama mbele ya geti na kofia yake ya kwendea kanisani Krismasi, kikapu mkono mmoja, bendera nyekundu mkono wa pili.

"Mama Thirtle!" Percy alipiga kelele kutoka juu. "Kulikoni? Tufungulie!"

"Nitawafungulia. Lakini na mimi naenda Wexby."

"Hapa si stesheni," alisema Bwana Cubitt. "Kanuni haziruhusu kupakia abiria hapa."

"Kanuni nimezitii tangu nikiwa msichana, bwana. Jumatatu sina kazi. Unataka kunifukuza? Nifukuze leo basi, liwalo na liwe!"

Percy alicheka mpaka akakohoa. "Mpandishe huyo, Cubitt, tusije tukalala hapa."

Enid akafungua geti mwenyewe. Treni ikasogea taratibu mpaka ikavuka, naye akalifunga nyuma yetu vizuri, akavuta komeo mara mbili kuhakikisha. Tukirudi angeshuka kulifungua tena. Sasa, mahali pasipo na jukwaa ngazi ya behewa iko juu sana, kwa hiyo Wilf akamvuta kwa juu, mimi nikamsukuma kwa chini.

"Sukuma, wifi, usinitekenye!"

Behewa zima lilivunjika mbavu. Tukampisha dirishani. Alichungulia nyuma, akaitazama nyumba yake ikienda mbali.

"Jamani," akasema, "paa langu limeota majani namna ile, na mlikuwa mnapita kila siku msiniambie?"

Wexby, ukishuka kwenye treni, unaruka ukuta mdogo tu uko mchangani. Enid alivua viatu na soksi, akanishikisha kikapu, akaingia majini moja kwa moja. Bahari yetu ni baridi hata Agosti. Akapiga yowe moja, akacheka, akakunja sketi, akaendelea mbele mpaka maji yakafika magotini. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mke wa kasisi, ambaye tulikuwa hatusemezani.

Filimbi ya Bwana Cubitt ikalia. Watu wakaanza kukimbilia mabehewa. Enid hakugeuka.

"Nakwenda kumwita," alisema Wilf.

"Mwache," alisema Percy.

"Bwana Larter, muda umefika!" Cubitt alimwonyesha saa.

"Sikiliza, Cubitt. Nimepita kwenye geti lile wakati wa theluji, nimepita ukungu ukiwa mzito huoni pua yako. Kabla ya leo sijawahi kulikuta limefungwa. Yule mama hakuwahi kunichelewesha hata kidogo. Leo na mimi namsubiri."

Akashuka, akavua mabuti, akaenda majini na masizi yake. Mmoja mmoja tukarudi mchangani. Bwana Cubitt aliitazama saa yake kwa huzuni, akaitia mfukoni, akainama kufungua kamba za viatu.

Hatimaye Enid akageuka. Akaiona treni imesimama ikitoa moshi bila mtu ndani, na sisi sote tumepanga mstari ufukweni.

"Mnasubiri nini?" akatupigia kelele.

"Wewe!" tukajibu kwa pamoja.

Akafikiri kidogo.

"Basi subirini," akasema, akatugeuzia mgongo.