Dereva Aliyeimba Kwenye Ukungu

Danford Mlowe hakujua kwamba anaimba, na hilo ndilo lililomponza.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Basi lilikuwa limetoka Njombe kwenda Ludewa, na lilipokaribia Mlangali ukungu ukashuka, kioo cha mbele kikawa kama kimefunikwa blanketi. Danford akawasha taa, akapunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili. Midomo alikuwa ameifumba, lakini kooni sauti ilikuwa inatembea. Mama mmoja wa kwaya aliyeketi kiti cha mbele akatega sikio.

"Baba dereva, huo si wimbo wa kaburini?"

Danford hakujibu. Mama akauliza tena. Danford akakaza macho barabarani, na wimbo ukaingia ubeti wa pili.

Kweli ulikuwa wimbo ambao Walutheri wa huko huuimba jeneza likishushwa. Hapakuwa na mtu mzima ndani ya basi lile ambaye hakuwahi kuuimba akiwa na udongo mkononi. Neno likapita kiti hadi kiti, likiongezwa chumvi kila lilipopita, na lilipofika kiti cha nyuma likawa limeiva: dereva anatuimbia mazishi, ameamua kututupa bondeni. Watu wakapiga mayowe. Wakamkwida konda, Elius, kola ya shati. Mwanamume mmoja akafungua mlango, akaruka, akateguka kifundo cha mguu, ingawa basi lenyewe lilikuwa linakwenda polepole kama mtu atembeaye.

Meneja alimwita ofisini Njombe. Hakumfokea.

"Danford, miaka yote hii sijasikia umegonga hata mbuzi. Lakini abiria wanakuogopa. Nenda Makambako kwenye mafunzo. Wakisema unafaa kubeba watu, utarudi kwenye basi. Wakisema hufai, kuna lori la mbao."

Danford alilijua lori la mbao. Ni dereva, mzigo na barabara. Tangu mkewe Getruda azikwe, nyumba yake ya kijijini Yakobi ilikuwa kimya mno, hata akawa anaomba zamu za kulala Ludewa ili asiifungue. Sauti alizobaki nazo duniani ni za abiria: wanaobishana bei ya viazi, wanaosimuliana harusi, wanaokoroma. Hakuwajibu, ila aliwasikia. Wakimpa lori, hata hao hatakuwa nao.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi uliokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, upepo wa Makambako ukigonga bati mchana kutwa. Madereva walijifunza breki, uchovu, mwendo kasi. Hayo yote Danford aliyapita bila shida. Kisha mkufunzi, Madamu Aneth, akaanza somo la kutuliza ugomvi na abiria. Akapanga viti viwiliviwili kama vya basi, akamkalisha Danford mbele na kumpa sahani ya plastiki iwe usukani.

Nikodemo, dereva wa Makete mwenye mdomo usiopoa, akajifunga kitenge kichwani na kuketi nyuma yake.

"Baba dereva," akasema kwa sauti nyembamba, "huo si wimbo wa kaburini?"

Ukumbi ukacheka. Danford akaitazama sahani.

"Dereva, umeulizwa," alisema Aneth.

"Naendesha, madamu."

"Mdomo nao unaendesha?"

"Kwenye basi pameandikwa usiongee na dereva."

"Pameandikwa ili wasikupigie soga. Huyu hapigi soga, anaogopa. Ukinyamaza haachi kuuliza. Anajijibu mwenyewe, na jibu lake ni baya kuliko lako."

Nikodemo akavuta kitenge usoni. "Jamani, mimi nashuka. Mbena huyu wa Njombe ameshatuchimbia kaburi, tena hata pilau hatupati."

Wakacheka tena. Danford akazungusha sahani kama anayekata kona. Walirudia igizo lile mara nyingi. Mwishoni Aneth akamfuata pembeni, akamwambia kwa upole kwamba kesho ni mtihani wa barabarani, na kwamba hawezi kuwarudishia abiria mtu asiyeweza kusema nao.

Jioni ile madereva walikuwa gesti, kila mmoja na simu sikioni. Kuta zilikuwa nyembamba. Danford aliketi kitandani akasikia watoto wa watu wakiulizwa wamekula nini, na mke wa fulani akilalamika kwamba ng'ombe amekataa majani. Simu yake mwenyewe ilikuwa mezani, inachaji, ingawa tangu asubuhi hakuna aliyeitumia.

Akapiga magoti. Akaanza kuomba kama kawaida yake, na safari hii akagundua kwamba midomo inacheza tu, sauti hakuna. Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliomba kwa kusikika. Zamani kila jioni yeye aliomba na Getruda akaitikia. Alipokosa wa kuitikia akapunguza sauti, akapunguza, mpaka ikaisha, naye hakutambua.

Akakohoa. "Baba," akasema, na sauti yake ikamshtua kama ya mgeni. "Baba wa mbinguni, usiniache na mbao. Niache na watu. Sijui kusema nao, nifundishe. Nimechoka kunyamaza. Kwa jina la Yesu."

"Amina," ukajibu ukuta.

Danford akaruka.

"Ni mimi, mzee," alisema Nikodemo kutoka chumba cha pili. "Samahani. Nimelelewa hivyo, nikisikia maombi siwezi kuyaacha yakining'inia." "Ule wimbo, ulimzika nani?"

"Mke wangu."

Kitanda cha upande wa pili kililia.

"Si ungesema, mzee."

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza mchana kutwa, na kitenge kichwani."

Danford alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibovu, lakini kilitoka.

Kesho yake wakapanda basi kwenda Njombe: Aneth kiti cha mbele, madereva nyuma, na abiria wachache waliopewa lifti ili mtihani uwe wa kweli. Walipofika nusu ya njia ukungu ukawashukia. Danford akawasha taa.

"Ndugu zangu," akasema, "ukungu umeshuka. Napunguza mwendo. Tutachelewa kidogo, lakini tutafika, Mungu akipenda."

"Mungu akipenda, au dereva akipenda?" Nikodemo akauliza kutoka nyuma.

"Tumependa wote wawili."

Basi zima likacheka. Likaendelea kutambaa. Baada ya kona kadhaa Danford akahisi koo lake linatetemeka, na akamwona mama mmoja kwenye kioo akimgeukia mwenzake. Zamani asingejua kwamba anaimba. Akaukata wimbo.

"Mama, umesikia sawasawa. Ni wimbo wa mazishi. Tuliuimba tukimzika mke wangu, na unanitoka bila mimi kujua. Usiogope, barabara naiona. Nikianza tena, niambie."

"Pole, baba. Aliitwa nani?"

"Getruda."

"Pole sana. Ukianza nitakwambia."

Alimwambia mara mbili kabla ya Njombe, na mara zote mbili Danford alimshukuru.

Aneth aliandika kwamba anafaa. Meneja alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema jambo ambalo Danford hakulitarajia. Basi atapata, lakini si la Ludewa. Watu wa njia ile bado wanasimulia. Atapewa la Makambako na Njombe, kwenda na kurudi, na kila jioni atalala kwake.

"Kwangu?"

"Yakobi. Si ndiko kwako?"

Danford alitazama chini. Alikuwa ameomba watu, akapewa watu, na nyumba ikaja pamoja nao. "Ndiyo," akasema. "Ndiko kwangu."

Siku ya kwanza alibeba wanafunzi, wauza parachichi na bwana harusi aliyesahau viatu. Jua lilipozama alishuka kwenye bodaboda mbele ya mlango wake. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akalihangaikia. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya vumbi. Akafungua madirisha, akakoka jiko la mkaa, akainjika maji ya ugali wa mtu mmoja.

Kisha, akiwa amesimama na mwiko mkononi, akaanza kusimulia kwa sauti habari za yule bwana harusi.