Kinu cha Upande wa Pili

Twa. Twa. Twa-twa.

Kabla sijausukuma mlango wa bati, kabla sijaona hata kona ya ile nyumba, nilisikia kinu. Mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya ukuta, kwa mkono wenye nguvu usio na haraka. Mama alisimama njiani akasikiliza.

"Kuna watu kule," alisema.

"Ni mjini, mama. Watu wanakula." Nilikuwa na furaha siku hiyo, na mimi nikiwa na furaha mdomo haufungi.

Florentin, mwenye kuuza, alitufungulia. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati lake limeshika kutu, madirisha madogo kama yalivyojengwa zamani kwa watu wa reli. Vijana wenye pesa hawaitaki mitaa hii. Wanakwenda mbali, wanajenga kwa sima, yaani saruji, na vioo, kisha kila asubuhi wanatafuta moto, pikipiki ya kuwaleta sokoni. Hapa msikiti uko kwenye kona, soko nyuma ya stesheni, na ukiteremka kidogo tu unafika kwenye mchanga wa Lualaba, pale ambapo kiangazi kikifika maji yanarudi nyuma na watoto wanashinda wakioga.

Tulikuwa tumepanga nyumba hiyohiyo wakati wa vita. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Mama ndiye aliyeishikilia. Nilimwonyesha nyumba mpya huko Mikelenge, mwisho wa mji, akakataa hata kushuka kwenye moto. "Kama ni kununua, mwanangu, tununue ile ya karibu na mto. Ao tuache." Nilidhani ni miguu yake, maana sukari imeivimbisha na kila safari ni vita. Basi nikasema nitauza moto yangu. Nani anahitaji moto mahali ambapo kila kitu kiko karibu?

Florentin alinipima kwa macho. "Njo weye mushairi? Nilisikia unasoma kwenye ndoa za watu. Usikuje kunilipa na beti."

"Beti zangu huna uwezo wa kuzinunua," nilimwambia.

Alicheka. Mashairi nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa kaswida za utotoni, na sina mwalimu wa kumshukuru. Niliingia vyumbani nikigonga kuta kama fundi. Niliporudi uani nilimkuta mama amesimama kwenye mlango wa jiko la nje, akitazama mbele yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mchikichi uko wapi?" aliuliza.

"Ule pale." Florentin alinyoosha kidole. Juu ya ukuta, upande wa jirani, kichwa cha mchikichi kilikuwa kikitikisika na upepo wa mtoni. "Papa alikata parsele, kiwanja hiki, mara mbili, akauzia Mama Albertine kipande kile. Njo maana bei iko chini, mama. Sikufichi."

Mama aliacha fimbo yake pale mlangoni. Alitembea akiutazama mchikichi, polepole, mpaka ukuta ukamzuia. Bado alikuwa anataka kwenda mbele. Aliweka kiganja chake juu ya tofali. Twa. Twa. Nilifika karibu, nikaugusa ukuta mimi pia. Ulikuwa ukitetemeka.

"Ayoubu," alisema, bila kugeuka. "Nenda umwambie yule mama aache kutwanga. Mwambie kwa upole."

"Kwa nini, mama?"

"Anamtwangia Mounira kichwani."

Mounira ni dada yangu. Nilijua jina, nilijua alikufa mwaka wa elfu mbili na mbili, mji ulipozingirwa, wakati aliyetoka kutafuta muhogo hakurudi. Baba alikuwa amekwama Kibombo na treni yake, naye hatukumwona tena. Nilidhani dada yuko makaburini kama watu wengine. Sikuwahi kuuliza ni wapi. Mimi niliyetunga mashairi juu ya vita kwa sauti kubwa, sikuuliza.

Mama alizungumza na ukuta.

"Makaburini kulikuwa hakufikiki. Wazee wawili wa msikitini walimchimbia hapa, kati ya jiko na mchikichi. Alikuwa anapenda mchanga wa mto. Alikuwa anajua njia, anakwenda peke yake, anarudi na mchanga kwenye kilemba changu. Walipokuja wenye bunduki, mtoni kukafungwa. Homa ikamshika, na chakula hakuna. Kila siku ananiambia, mama, twende muchangani. Alipokufa, wale wazee walikwenda alfajiri wakaniletea mchanga ndoo moja. Nikamfunika nao. Vita ilipoisha, mwenye nyumba alirudi, akatutoa."

Florentin alikuwa amevua kofia. "Mama, papa hakujua. Sisi tulikuwa Kisangani."

"Najua, mwanangu. Alama yake ilikuwa mawe mawili tu."

Tulizunguka kwa nje mpaka kwa jirani. Mama Albertine alikuwa mwanamke mnene, jasho usoni, mchi mkononi, uani kwake kumemwagwa sima safi toka ukutani mpaka kwenye mchikichi. "Karibuni. Munakuja kunisalimia ao munakuja kula? Sombe bado mbichi."

Mama alimweleza kwa maneno machache. Mama Albertine aliutoa mchi kinuni, akawa hajui auweke wapi. Akaukumbatia.

"Yaya, dada yangu," alisema, "tangu nifike hapa. Kila siku. Kila siku ya Mungu."

"Nyundo iko wapi?" nilimuuliza Florentin. "Leta nyundo. Navunja hii sima sasa hivi, na atakayenizuia tutaonana."

"Vunja," alisema Mama Albertine. "Mimi sitakuzuia."

"Keti, Ayoubu," mama alisema.

"Mama, hawezi kulala chini ya—"

"Nimesema keti. Nimekwisha kumzika. Unataka niuone tena mwili wake?"

Niliketi. Nilichukia kuketi.

Baadaye tulishika kinu watu watatu, tukakihamishia karibu na mlango wa njia. Pale kilipokuwa, kilikuwa kimeacha duara kwenye sima. Mama alijishusha chini kwa shida, akaweka kiganja katikati ya duara hilo. Toka mtoni zilikuja sauti za watoto waliokuwa wakioga.

"Utakaa hapa siku zote?" mama alimuuliza Mama Albertine.

Jirani alifuta uso kwa kitenge. "Siwezi kukudanganya, yaya. Watoto wangu wako Goma. Wananiita. Siku moja nitauza."

"Naye atakayenunua atajenga."

"Atajenga."

Florentin alikohoa. "Basi, tunaacha? Nikisikia mumeacha, sitakasirika."

"Tunanunua," mama alisema. "Nitatandika mkeka wangu nyuma ya ukuta. Kutoka pale hata mimi naweza kutembea mpaka hapa alipo." Kisha alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona amezeeka. "Lakini mimi nitaondoka, Ayoubu. Na weye unasema siku zote utakwenda Kinshasa, wakusikie. Mtoto huyu nani atamjua?"

Nilitafuta ubeti. Hakukuwa na ubeti. Nilipiga magoti kwenye ile sima, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake.

"Mama, nyumba ile sitaiuza. Na muntu yeyote atakayenunua huku, nitamungoja mulangoni kabla hajashusha mizigo yake. Nitamutajia Mounira kwa jina, nimuonyeshe mahali alipolala, na mimi mwenyewe nitamubebea kinu chake mpaka kule karibu na mulango wa njia."