Kobe Waliozidi Katika Vitabu vya Hifadhi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 30 Aprili 1996, saa nne na robo asubuhi, Verlene Wessels alipokuwa amezamisha mkono mchangani hadi kiwikoni.

"Kuna joto, Delmar," alimwambia mumewe. "Kobe wameshaamka. Mtu asiwashe kiberiti hapa."

Ndivyo watu wa vilima vile vya mchanga, kando ya mto Mississippi, walivyopima tangu mbuga haijatiwa uzio wala kibao cha hifadhi. Nyasi kuukuu huchomwa kila mwaka theluji ikiisha, ili mipungate, ile mimea ya miiba, na maua adimu yapate jua. Lakini huchomwa mchanga ukiwa baridi, kobe wangali wamelala chini. Kiwiko kikisikia joto, moto ni mpaka mwakani. Delmar aliacha shule darasa la sita akalime mahindi, na hilo alilijua. Bwana Haskamp, mkuu wa hifadhi, mwenye shahada mbili ukutani, alikuwa ameahirisha moto mara tatu akimngoja mkubwa wake kutoka makao makuu aje apigwe picha. Siku ile mkubwa alikuja.

Moto ukawashwa. Verlene akaingia na ndoo. Alitoa kobe tisa. Alipomrudia wa kumi, moshi ukamtoa yeye roho. Taarifa ya ofisi ilisema: wanyama waliokufa, hakuna. Kifo cha Verlene wakasema ni moyo.

Jioni ya maziko Delmar alikuwa jikoni akila viazi vilivyopoa, walivyoleta wanawake wa kanisani, kobe walipoingia kwa mlango wa nyuma. Walikuwa thelathini na mmoja, magamba meusi kama sufuria ya kuni, wengine mifupa nje. Nyuma yao Verlene, masizi usoni, ndoo mkononi.

"Hujafagia," alisema.

"Umekufa juzi, mama."

"Ndiyo nisifagiliwe?"

Delmar akafagia, kisha akawakatia kobe nyanya.

Wakawa wanakuja kila jioni. Jumatatu Delmar akawapakia wote kwenye pikapu, Verlene kando yake, akawapeleka ofisini kwa hifadhi, akawapanga kobe mezani kwa karani. Karani, Twyla, alikuwa akiimba kwaya na Verlene.

"Verlene, mwenzangu, umekonda!"

"Kufa kunakondesha, Twyla. Jaribu, hiyo sketi itakutosha."

Haskamp akatoka chumbani kwake. Kobe mmoja alikuwa akikatiza juu ya barua zake, akiacha mstari wa masizi.

"Nataka uandike wamekufa," Delmar alisema. "Uandike na sababu. Ili mwakani mpime kwa mkono kabla ya kuwasha."

"Mzee Wessels, hawa wanatembea."

"Wamekufa."

"Fomu ina sehemu mbili, mzee. Hai na mfu. Anayetembea ni hai." Akatoa kalamu, akaandika. "Wamezidi thelathini na mmoja kuliko hesabu yetu. Kumbe moto umewafaa."

"Na mke wangu?"

"Mkeo si huyo? Niandike nimeua mtu aliyenikodolea macho?"

Delmar akawarudisha kobe kwenye ndoo mmoja mmoja.

"Mtu akisoma sana," alisema, "hata maiti akimfuata mezani humwomba kitambulisho."

Twyla alicheka, akakohoa, akarudi kwenye mashine yake ya chapa.

Taarifa ilitoka na picha ya mkubwa ameshika mwenge. Hifadhi ikapewa cheti. Na kwa kuwa tarehe ile ilizaa matunda, ikaamuliwa moto uwe tarehe 30 Aprili kila mwaka, mvua inyeshe, jua liwake.

Mwaka ukapita. Asubuhi ya siku hiyo Delmar alipiga magoti kilimani, akazamisha mkono hadi kiwikoni. Mchanga ulikuwa na joto kama mkate. Wale tisa aliowatoa Verlene walikuwa wameshachomoza, hai, wakila chipukizi za mpungate. Wale thelathini na mmoja walikaa pembeni yao, weusi, wakitazama.

Vijana wa Haskamp wakajipanga na mienge. Verlene akamfuata mkuu wao, ndoo mkononi, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mayai:

"Hawa tisa wakiungua leo, bwana, na jioni wakatembea, utawaandika wapi?"

Haskamp akalamba kidole, akakiinua juu kupima upepo.