Mkanda wa Nyuma

Kamande alikuwa anapanga mitungi ya maziwa kwenye mkokoteni, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwa punda wa jirani yake Kipkemoi.

"Unamwangalia Kipkemoi ama punda wake?" mkewe Kui aliuliza, akimpa mtungi mwingine.

"Naangalia barabara."

"Barabara imevaa ngozi nyekundu?"

Ukweli ni kwamba punda wa Kipkemoi alikuwa amependeza kuliko Kamande siku ya harusi yake. Alivaa hanesi, mikanda ya kuvutia mkokoteni, mpya kabisa: mkanda mpana wa kifua wenye sponji ndani, mwingine mgongoni, na mwingine uliozunguka makalio kwa nyuma. Vyuma vyake viling'aa. Watoto wa shule walisimama kumpapasa. Punda wa Kamande, aliyeitwa Madam, hakuna aliyewahi kumpapasa ila kupe.

Hanesi hizo zilikuwa za msaada. Zilifikia kwa Mbugua, mwenyekiti wa wenye mikokoteni hapa Bahati, na Mbugua akazigawa kwa haki: kwanza shemeji yake, halafu wenzake wa kwaya, halafu aliyemlimia viazi. Kipkemoi ndiye aliyemlimia viazi. Waliopata walipelekwa hoteli mjini wakafundishwa kuzifunga, wakala kuku. Waliokosa waliambiwa wangoje awamu ya pili. Kamande aliota kuku huyo usiku mbili tatu.

Kisha kituo cha maziwa kikatangaza: kuanzia wiki ijayo, punda asiye na hanesi kamili habebi maziwa. Na Kamande hakuwa na kazi nyingine. Maziwa ndiyo yaliyowalisha yeye, Kui na Madam.

Basi alijitengenezea. Alienda gereji akaokota mikanda ya viti vya gari, akashona magunia ndani yawe laini, akapaka rangi nyekundu. Alipokwama alichungulia kwa Kipkemoi kupitia ua, kama mwizi wa kuku. Kuuliza alikataa.

"Si umuulize tu?" Kui alikuwa amemwambia. "Ni mtu mzuri."

"Aanze kunifundisha kazi niliyoanza yeye akichunga mbuzi? Zii."

Sasa Madam alikuwa ameiva, mwekundu kifuani na makalioni. Kamande alifika kwenye kituo cha ukaguzi, juu ya mteremko, kifua mbele. Afisa wa mifugo alikuwa ameketi kwenye pikipiki yake, chai mkononi. Hakushuka.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa fundi, daktari."

"Safi sana. Hii hata imeshinda za msaada. Pita."

Kamande aligeuka kuhakikisha Kipkemoi, aliyekuwa nyuma yake, amesikia. Alikuwa amesikia. Lakini Kipkemoi alikuwa anaangalia kitu kingine, upande wa nyuma wa Madam, na uso wake ulikunjamana.

"Kamande, ngoja kidogo. Huo mkanda umefunga wapi?"

"Wivu utakuua, boss," Kamande alisema, akampiga Madam kofi la upendo, wakashika mteremko.

Mwanzo mambo yalikuwa sawa. Katikati ya mteremko mkokoteni ulianza kukimbia kuliko punda. Kamande aliona mbao za mbele za mkokoteni zikipita mabega ya Madam, aliona gurudumu likimfikia, na mkanda wa nyuma ukikaa tu pale makalioni kama pambo, haushiki chochote. Madam alijaribu kukimbia, akateleza, akapiga magoti. Mkokoteni ulimgonga miguu ya nyuma. Mitungi ikaanguka. Maziwa yakateremka barabarani kabla yao.

"Mfungue!" Kipkemoi alipiga kelele akija mbio. "Mfungue kwanza!"

"Haifunguki!"

Mafundo yalikuwa yamekazwa na uzito wote huo. Kipkemoi alisukuma jiwe chini ya gurudumu, akatoa kisu, akakata. Madam alibaki amelala kidogo, halafu akainuka taratibu, mguu mmoja ukitetemeka, damu juu ya kwato.

"Umefunga mkanda wa nyuma kwa mkanda wa kifua," Kipkemoi alisema akihema. "Unafungwa kwa mbao za mkokoteni, kaka. Ndiyo uzuie mzigo ukiteremka. Hivi ulivyofunga, punda amejifunga mwenyewe tu."

Kamande aliokota kipande cha mkanda uliokatwa, akakigeuza mkononi. Alipokuwa akichungulia kutoka nyuma ya ua, mikanda yote ilionekana imeshikana na punda.

Afisa alifika na pikipiki. Alitazama maziwa, akatazama watu waliokuwa wanajaa.

"Nani alimruhusu huyu?"

"Si wewe, daktari?" mama mmoja aliyebeba sukuma wiki alisema. "Tumekuona hapo juu. Hata chai hukuweka chini."

Watu walicheka. Afisa hakucheka.

"Mimi nilipitisha hanesi. Sikupitisha dereva." Akamgeukia Kamande. "Wewe, kazi ya maziwa basi. Kipkemoi atabeba ya upande wako. Njoo ofisini awamu ya pili ikifika."

"Itafika lini?"

"Tutawaambia."

Kipkemoi aliinamisha kichwa. Hakuwa ameiomba kazi hiyo, lakini pia hakuikataa, alikuwa na watoto. Alimleta punda wake kutoka juu, akaanza kupakia mitungi iliyobaki kwenye mkokoteni wake. Kamande alimwangalia akirudi kwa punda wake kukaza mikanda kabla ya kuteremka, wivu bado ukimuuma. Alimfunga Madam kwenye mti, akavuka barabara, akachuchumaa kando ya gurudumu la Kipkemoi.

"Hiyo pete ya chuma ya mkanda wa nyuma inaingia wapi?"

"Nimekwambia wewe umetolewa kwa maziwa," afisa alisema.

"Sijakuuliza wewe, boss." Kamande hakuinua kichwa. "Kipkemoi, fungua tena. Polepole, nione."