Hapa Ruksa Kulowa

Kiwandani kote aliitwa Kiangazi, kwa sababu katika ghala la kufungashia kabaidi hakutaka kuona hata tone la maji. Na alikuwa na haki yake. Upande wa pili wa ukuta, tanuri la umeme liliyeyusha chokaa na makaa mpaka vikawa uji mwekundu. Uji ukapoa, ukavunjwavunjwa, ukawa mawe ya kijivu. Mawe hayo hayana ugomvi na mtu, ila yakiguswa na maji yanafoka, yananuka kama kitunguu saumu, na kutoa gesi wanayochomelea mafundi wa vyuma. Kwa fundi gesi hiyo ni riziki. Ndani ya ghala, cheche moja tu na mmekwisha.

Sasa cheka ufe: mwanamume aliyemkosesha Kiangazi usingizi aliitwa Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake haizidi jiko kwa ukubwa, lakini kila wiki alikuja kununua kabaidi kama mtu anayeunda meli. Akifika, ulimi unamganda.

"Habari za... mapipa?"

"Mapipa hayajambo," Kiangazi humjibu, moyo ukimwenda mbio. Alimpenda bwana huyu, tena sana, mpaka siku moja alisahau kufunika pipa.

Shangazi yake, msimamizi wa ghala, alishachoka nao. "Mwanangu, huyu ana kabaidi ya kufungulia kiwanda chake. Leo asiposema, sema wewe!"

Kiangazi akaapa kwamba leo ni leo.

Cheche aliingia na shati lililopigwa pasi, mikono kaificha nyuma. "Leo sikuja kununua," alisema. Shangazi akaacha kazi waziwazi, asikilize vizuri. "Nimekuja..."

Akatoa mikono. Maua! Shada zima, limetoka kwenye ndoo sasa hivi, linachuruzika. Tone likaangukia vumbi la kabaidi sakafuni. Fsss! Kitunguu saumu kikajaa puani.

"Maji!" Kiangazi alipiga ukelele. Kabla akili haijafika, mikono ilishamaliza kazi: alimpokonya lile shada na kulivurumisha nje dirishani.

Cheche alilitazama dirisha, akaitazama mikono yake mitupu. "Nimekuelewa, dada," akasema, akatoka.

Dada! Neno hilo lilimchoma Kiangazi kuliko tanuri.

"We mtoto!" Shangazi alikuwa akimwaga mchanga pale palipolowa. "Umemtupa mume dirishani! Kimbia!"

Alikimbia. Alimkuta Cheche uani, karibu na bomba la kunawia, anaokota maua moja moja.

"Fundi mzima," Cheche alijisemea kwa uchungu, "nimesahau kwamba maji na kabaidi haviivi chungu kimoja. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno. Basi, haidhuru."

Kiangazi akampokea maua. Alifungua bomba, akayatia majini, akalowesha na mikono yake mpaka kwenye viwiko. Kicheko kilikuwa kinamtekenya kooni.

"Sasa sema tena," alimwambia. "Hapa ruksa kulowa."

Cheche akapapasa mfukoni, akatoa pete ya shaba, imepinda kidogo. "Nimeichomelea kwa kabaidi ya pipa la kwanza uliloniuzia. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo! Ndiyo, we bwana, ulikuwa wapi siku zote?" Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumwagika bila breki. Madirisha yote ya kiwanda yalishajaa vichwa na vigelegele.

Akageuka mbio kwenda kumwonyesha Shangazi pete. Shangazi alikuwa ameziba mlango wa ghala kwa mikono miwili, uso kauinua juu.

"Koma hapo hapo! Huingii humu na machozi hayo!"

Kisha machozi yakaanza kumlengalenga yeye mwenyewe, naye akatoka nje mbio.