Chumba cha Nyuma Kilichong'aa

Dalali alikuwa mcheshi kupita kiasi, na hilo peke yake lilitosha kumtia msusi wasiwasi. Akiba yote ya kusuka vichwa vya watu ilikuwa kwenye mkoba alioubana kwapani. Mpango wake ulikuwa anunue nyumba hii kuukuu, aikarabati, aiuze kwa faida, kisha atafute nyingine. Ikienda mrama, anarudi saluni mikono mitupu.

"Mama, nyumba kama hii huipati tena," dalali alisema. "Kuna mtu anaitaka leo leo."

"Basi mpe."

Dalali akacheka tena. Msusi hakuwa na imani hata kidogo na watu wanaochekacheka hovyo wakati wa biashara.

Afadhali alikuwa amekuja na mdogo wake, fundi rangi, maana mambo ya kuta yeye hayajui. Nyumba nzima ilikuwa imechakaa na kubanduka, isipokuwa chumba cha nyuma. Hicho kiling'aa. Machale yakamcheza.

"Mbona hiki tu kimepakwa?"

"Mwenye nyumba alianza, akaishiwa," dalali akajibu haraka.

Mdogo wake akagonga ukuta kwa vidole, amekaza uso kama daktari. "Mzima huu, dada. Lipa tuondoke, usije ukawahiwa."

Msusi hakutosheka. Alikagua ukuta kuanzia chini, akimtafutia dalali kosa, mpaka macho yakafika juu. Rangi ilikuwa imekoma upana wa kidole kabla ya dari, ikaacha mstari wa rangi ya zamani, umenyooka vizuri sana. Mafundi wengine hupaka mpaka juu. Mmoja tu ndiye huacha ukingo ule na kuuita pambo. Alikuwa ameuacha sebuleni kwa msusi, jikoni kwake, hata saluni.

Akakwangua ukuta kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake plasta ilikuwa imelowa, nyeusi, inanuka.

Safari hii dalali hakucheka.

"Umepaka lini?" msusi alimuuliza mdogo wake.

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Lini?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Wiki iliyopita. Lakini ningekutengenezea mwenyewe ukishanunua. Kwa bei ya ndugu."

Ilimuuma. Angetapeliwa na dalali angemtukana, akaenda zake, akalala. Lakini huyu alikuwa mdogo wake, aliyemlea kama mwanawe. Akatoka bila kuaga. Alipofika mlangoni alimsikia dalali akimkaripia fundi kwa sauti ya chini:

"Si uliniapia dada yako anakuamini?"