Mpira wa Pumzi

Nilikuwa nakata mpira wa kupitishia oksijeni kwa wembe, niuunge na mwingine ufike dirishani alikoketi Minalyo, alipouvuta mfuko wake karibu na kifua. Ndani ya mfuko ule wa kamba, juu ya majani makavu, alilala Yakasa, mwanawe wa miezi mitano. Mbavu zake zilizama kila alipovuta pumzi.

Sikumlaumu mama. Zamani zahanati yetu ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, nao tuliubania. Mtoto hakuwekewa mpaka midomo igeuke buluu. Mzaliwa wake wa kwanza alivalishwa mpira asubuhi, jioni akafa. Basi milimani kote watu wakajua kuwa mpira ndio unaomaliza watoto. Walisema walichokiona.

Sasa tuna mashine ya oksijeni inayotumia umeme wa jua, na tunaanza mapema, midomo ikiwa bado myekundu. Nilimweleza hayo taratibu. Akajibu kwamba mtoto halali nje ya mfuko, kwa hiyo kitanda hakitaki. Ndiyo maana nilikuwa narefusha mpira. Lakini kuutia puani, akasema hapana.

Mama mkwe wake, bibi Kipame, alikuwa akimenya kiazi kitamu cha kuchoma.

“Vaa wewe kwanza, mwanangu,” akaniambia.

Nikavaa, nikaendelea na kazi.

“Babu yako alitia mfupa wa nguruwe puani, wasichana wakamfuata,” akasema. “Wewe hata kuku hakufuati.”

Minalyo akacheka. Kisha akauinamia mfuko.

“Yule wa kwanza alinyamaza, kaka. Hadi leo nikiwa shambani natega sikio. Huyu nataka alie. Alie anichoshe, nimtukane, alie tena.”

Nikamaliza kuunga mpira. Minalyo akainuka, akaniletea mfuko mwenyewe.

Nilifungua mpira mpya, mdogo, nikamvalisha Yakasa puani, nikauunga na ule mrefu, tukautundika mfuko kwenye msumari wa dirishani. Polepole mbavu zikapunguza kuzama. Kilio hakikuja, alilala tu, na mama akabaki ameegemeza sikio kwenye kamba za mfuko.

Kitanda cha pili, kilichokuwa bado kitupu, nacho kilihitaji mpira wake. Niliunga kipande kimoja, ukungu ukashuka bondeni, nikawa sioni vizuri ninapokata. Nikauweka wembe juu ya kabati. Vilivyobaki nitaviunga kesho.